Korongo Lililogeuza Methali

Walimu wetu wa Kiswahili hapa Uganda hutufundisha methali isemayo: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mimi nimefika mahali ambapo methali hiyo hugeuka. Ni Grand Canyon, korongo la jangwani katika jimbo la Arizona, Marekani, nchi niliyokwenda kusoma kwa muhula mmoja.

Anayepanda mlima huanza na taabu, na akichoka hurudi chini. Anayeingia korongoni huanza na raha. Njia ya Bright Angel huanzia ukingoni, kimo cha zaidi ya mita 2,000, ikateremka kwa kona nyingi hadi mto Colorado. Miguu hujiendea yenyewe, lakini kila hatua ni deni la kulipwa jioni, na joto huzidi kadiri unavyoshuka.

Nilikwenda na rafiki yangu Mkongo anayeishi Phoenix. Alikulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, ndiyo maana tangu siku ya kwanza tuliongea Kiswahili. Tulianza saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Mei, kila mmoja akiwa na lita nne za maji, mkate na njugu za chumvi. Tuliacha mawe meupe ya juu, tukaingia kwenye mawe mekundu. Saa tatu tukafika Havasupai Gardens, baada ya kilomita 7. Hapo pana miti, kijito na kivuli. Wahavasupai waliishi na kulima hapo kabla ya kuondolewa kwa ajili ya hifadhi ya taifa. Mwaka 2022 mahali hapo pakapewa jina lao. Rafiki yangu aliposikia hayo aliuliza, "Na mashamba je, walirudishiwa?"

"Hapa, jina tu."

Akanyamaza kwa muda, kisha akasema twende mtoni, kilomita 5 zaidi. Hifadhi huwaonya watu wasishuke mtoni na kurudi juu siku hiyohiyo. Tena nilimwona akishika kichwa, na mkate wake alikuwa hajaugusa.

"Ndugu yangu, turudi," nikamwambia.

Akacheka. "Mimi nilitembea kutoka Kongo hadi Uganda nikiwa na miaka tisa. Nishindwe na njia ya watalii?"

Sikupata jibu upesi, maana mimi sijawahi kukimbia vita. Mwishowe nikasema, "Siku ile nyuma yako kulikuwa na bunduki. Leo nyuma yako kuna mama anayekusubiri."

Hakujibu. Alikaa kivulini. Mtu anayetoka jasho sana akinywa maji matupu bila chumvi huweza kudhurika, kwa hiyo nilimhimiza ale njugu. Tulilowesha mashati kijitoni, tukapumzika hadi saa kumi, jua lilipopungua ukali.

Kupanda kulituchukua saa tano. Tulihesabu kona, tukipumzika kila baada ya kumi. Alitapika mara moja, tukakaa kitako mpaka akaweza kumeza maji tena. Tulifika ukingoni saa tatu usiku, tukiwa na tochi, tukitetemeka kwa baridi.

Mpaka leo hatujakubaliana. Yeye husema mto ulikuwa karibu. Nami humjibu kwamba ni kweli, ila ukingo ndio uliokuwa mbali.