Valvu Haikuwa na Hatia

Nilikulia Kangemi, Nairobi, katika miaka ya sabini, wakati redio ya valvu ilikuwa bado samani ya heshima sebuleni. Yetu ilikuwa ya mbao, kioo chake kimeandikwa majina ya miji ya mbali, na ukiiwasha ulisubiri valvu zipate joto ndipo inene. Jioni tulifungulia Sauti ya Kenya. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alipouliza "Je, Huu ni Ungwana?", wazee waliokuja kusikiliza walimjibu papo hapo.

Kisha sauti ikaanza kuharibika. Dakika za mwanzo ilikuwa safi, lakini sanduku lilipopata moto maneno yalikwaruza na muziki ukasongwa. Majirani wote walikuwa na jibu moja: valvu imekufa. Baba akaifunga redio kwa shuka, tukapanda basi hadi kwa fundi mmoja nyuma ya River Road.

Fundi yule hakuanza na bisibisi. Aliuliza, "Mzee, inakwaruza tangu mwanzo, au mpaka ipate moto?" Akabadilisha stesheni. Zote zilikwaruza, basi kosa halikuwa kwenye matangazo wala antena. Akazima, akasukuma karatasi ya spika polepole kwa vidole, ametega sikio asikie kama koili inasugua. Haikusugua. Ndipo akafungua mgongo wa redio, akaiwasha tena, akaweka mita kwenye gridi ya valvu ya mwisho, EL84, ile inayosukuma spika.

"Kijana, hapa mshale unatakiwa ulale kwenye sufuri," aliniambia. Mshale ulikuwa umepanda. Akachomoa valvu. Kama mshale ungeanguka, angeishuku valvu kuwa na gesi ndani. Haukuanguka, kwa hiyo volti ile ilikuwa ikitoka kwingine: kwenye kapasita ndogo inayopokea sauti kutoka valvu iliyotangulia.

Kazi ya kapasita hiyo ni kupitisha sauti na kuzuia volti nyingi za moja kwa moja. Za zamani zilitengenezwa kwa karatasi na nta. Miaka ikipita, unyevu huingia na volti huanza kuvuja. Volti chache tu zikifika kwenye gridi, valvu huvuta umeme kupita kiasi, mawimbi ya sauti hukatwa, na transfoma ya spika huweza kuungua. Fundi alibadilisha kapasita, akarudisha valvu ileile, na sauti ikarudi. Kitu kilichokuwa kimelaumiwa na mtaa mzima hakikuwa na hatia.

Miaka iliyofuata mambo yaligeuka. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, haikungoja joto, tena ilitosheka na betri za tochi. Redio ndogo zikaenda shambani, sokoni na kwenye vibanda vya walinzi, na zile za mbao zikasukumwa stoo. Sauti ya Kenya ikawa KBC mwaka 1989. Stesheni ya Capital FM ilipoanza mwaka 1996, redio yetu haikuwa hata na bendi ya kuipata. Luthuli Avenue ikajaa maduka ya vifaa vya elektroniki, na ukarabati nao ukabadilika: bodi nzima iling'olewa ikawekwa nyingine, bila yeyote kuuliza ni kipande kipi kilichokufa.

Baba alipoondoka nilirithi redio ile. Ilikuwa inakwaruza tena, kwa namna ileile, kwa sababu hata kapasita iliyowekwa River Road ilikuwa ya karatasi. Nilifuata hatua za fundi moja baada ya nyingine, nikafika palepale. Luthuli Avenue nikapata kapasita ya plastiki ya volti 630, isiyonywa unyevu, kwa bei ndogo sana. Vipuri vya leo ni bora kuliko vile alivyokuwa navyo. Kilichopungua ni ule utaratibu wake wa kuuliza, kusikiliza na kupima kabla ya kubadilisha chochote.

Utaratibu huo unaweza kufundishwa, na mahali pa kuufundishia papo. Kabete, kilomita chache kutoka Kangemi, kuna chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1924, ambacho leo ni Kabete National Polytechnic. Natamani kila mwanafunzi wa elektroniki apewe redio ya valvu mezani kwake, mwalimu akiwa kando, kwa kuwa ndani mna volti zipatazo 250 na kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuzima. Katika simu ya leo njia ya sauti imefichwa ndani ya chipu. Katika redio ile kila kipande kinaonekana na kila waya unafuatika, kutoka antena hadi spika. Kijana atakayeitafuta sauti mbovu humo kwa mita na masikio hatamwambia mteja atupe kitu ambacho hajakipima.