Raporti Isomwe Kijijini

Kazi yangu yote ya ushauri kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, kati ya Kasongo na Kabambare, imenifundisha kwamba mshauri hujiheshimu kweli pale anapokubali kazi yake ikaguliwe. Wengi huitafuta heshima hiyo katika cheo, gari la mradi, au Kifaransa cha kuwanyamazisha wanakijiji. Ushahidi wangu ni Mradi wa Kasongo, mradi wa afya ulioanza mwaka 1971 kwa ushirikiano wa Zaire, yaani Kongo ya leo, na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp. Mwaka 1981 timu yake ilichapisha katika jarida la Lancet takwimu za watoto wa miezi 7 hadi 35 waliochanjwa surua, ikasema faida ya chanjo hiyo kwa uhai wao huenda inakuzwa mno, maana baadhi ya watoto waliookoka na surua walikufa baadaye kwa sababu nyingine. Haikuwa habari ya kupigiwa makofi. Watafiti wengine, Peter Aaby miongoni mwao, wakazipitia upya takwimu hizo pamoja na za nchi nyingine, wakafikia hukumu tofauti kabisa: chanjo huokoa zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Naamini Aaby ndiye aliyekaribia ukweli, lakini angesahihisha nini kama hesabu za Kasongo zingefungiwa kabatini?

Ndiyo maana stadi ninayoithamini kuliko zote ni kuwasomea watu raporti kabla ya kutia sahihi. Husomwa kwa Kiswahili, sultani wa kijiji akiwepo, akina mama wakiwa wameketi mbele, si nyuma ya wanaume. Ukifika pale ulipoandika kwamba kisima kinatosha, mama atakuuliza kama ulikiona wakati wa kiangazi. Asiyejiamini hukasirika, anayejiamini huchukua kalamu, akafuta.

Wenzangu hupinga wakisema kwamba mwenye fedha hulipia uhakika, na anayeandika "hapa sijui" hatarudishwa kazini. Kwa baadhi ya waajiri ni kweli, na simlaumu kijana wa Wamaza anayewaza karo za watoto wake. Lakini kosa linalogunduliwa fedha zikiisha kutumika humharibia jina zaidi. Basi iandikwe mapema katika mkataba kwamba malipo hayategemei majibu, na kwamba kikao cha kusomewa ni sehemu ya kazi. Wengine husema kikao chenyewe hudanganya, kwa kuwa watu humwambia mgeni anachopenda kusikia. Hoja hiyo ni nzito, ndiyo maana nashikilia kwamba sultani azungumze mwisho.