Gari Lililotoka Halihesabiki

Nimestaafu, na mwalimu wangu ametangulia mbele ya haki. Niandike kabla ubishi wetu haujafukiwa naye.

Nilikulia Kigamboni, nikivuka kwa pantoni kwenda shule. Nikapenda hesabu, nikaajiriwa kupanga mahali pa kuegesha magari ya wagonjwa.

Mwalimu alinianzisha na mtafiti Toregas na wenzake, waliouliza mwaka 1971: vituo vingapi vinatosha ili kila mtaa ufikiwe ndani ya muda uliowekwa? Mara nyingi jibu huishinda bajeti. Mwaka 1974 Church na ReVelle wakaligeuza swali: haya magari machache tuyaweke wapi yafikie watu wengi zaidi?

Hapo Mwalimu alikunja uso. “Mwanangu, gari lililotoka halihesabiki.” Akanifundisha hesabu ya Daskin ya mwaka 1983: gari likiwa kazini asilimia 40 ya muda, uwezekano wa kulikuta ni asilimia 60. Ongeza la pili, uwezekano wa kupata walau moja ni 84. La tatu, karibu 94. Kwa hiyo penye wagonjwa wengi, gari la pili lina kazi kubwa. Mkuu mmoja aliyetutuma alitaka gari moja kila wilaya, akaita huo usawa. Usawa wa magari si usawa wa wagonjwa; nilimwambia kikaoni, na leo narudia.

Lakini na Mwalimu pia sikukubaliana. Hesabu ile huchukulia kwamba kila gari lina shughuli zake, lisiathiriwe na jirani. Si kweli: la karibu likitoka, jirani hubeba wito wake, yakaelemewa pamoja. Larson alilionyesha hilo mwaka 1974 kwa hesabu za foleni. Mwalimu alijibu kwamba magari 20, kila moja likiwa limetoka au lipo, huzaa hali zaidi ya milioni moja, kompyuta yetu ingekwama. Nikamwekea mezani njia ya makadirio ya Larson ya 1975, ambayo idadi ya milinganyo yake ni sawa na ya magari tu. Hakuyumba. Nami sijayumba.

Vijana, kompyuta zenu hujibu kwa sekunde. Lakini hiyo asilimia 40 mmeitoa wapi? Imo katika daftari la dereva: saa ya kutoka, ya kufika, ya kurudi. Nendeni mkakae naye. Barabara ya Morogoro ya alfajiri si ile ya saa kumi na moja jioni. Asiyejua gari lilirudi saa ngapi asithubutu kutangaza kwamba mtaa umefikiwa.