Furaha Zisizonunuliwa: Habari za Mji wa Pacific Grove



Bahari ya Pasifiki ni kubwa kupita bahari zote. Nchi kavu yote ya dunia ikikusanywa pamoja haiifikii kwa ukubwa. Baharia Magellan alipoingia humo mwaka 1520, baada ya taabu nyingi, aliyakuta maji yametulia, akaipa jina lenye maana ya bahari ya amani. Pwani yake moja ni ya jimbo la California, katika Marekani, na huko uko mji mdogo uitwao Pacific Grove, kando ya ghuba ya Monterey, mwendo wa maili 120 hivi kusini ya San Francisco. Leo twataka kuwasimulia furaha za kila siku za wenyeji wa mji ule, na jinsi zilivyolindwa. Kwa maana nyingi katika hizo hazinunuliwi kwa fedha, walakini hazikubaki zenyewe.

Mji huu ulianza mwaka 1875 kuwa kambi ya Wakristo wa kanisa la Methodisti. Walipiga hema chini ya misonobari, wakasali, wakasikiliza mafundisho, wakapunga upepo wa bahari. Baadaye wengine waliona uchungu kuondoka, wakajenga nyumba ndogo za mbao pale pale penye hema zao. Baadhi ya nyumba hizo zasimama hata leo, zimesongamana sana, kwa kuwa viwanja vyake vilikatwa kwa kipimo cha hema. Pombe nayo haikuruhusiwa kuuzwa mjini mpaka mwaka 1969.

Mtu aliyezoea pwani ya Tanga au Mombasa akifika kule, jambo la kwanza litakalomshangaza ni baridi. Maji ya bahari yana joto la digrii 10 hadi 15 tu. Pepo za kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu yakaenda mbali na pwani, na maji ya vilindini hupanda kushika mahali pake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya baridi ile hugeuka ukungu. Basi asubuhi nyingi za kiangazi mtu hufungua dirisha asiione bahari, ila husikia mawimbi yakivunjika, na shakwe wakilia wasikoonekana. Wenyeji wameuzoea ukungu wao, hata wanaupenda. Huko mvua hainyeshi wakati wa kiangazi, na ukungu ndio udondoshao matone katika misonobari na kuinywesha. Tena maji yale ya baridi huleta juu chakula kingi cha viumbe. Pasipo baridi, pwani ile isingalikuwa na neema iliyo nayo.

Ukungu ukiondoka, furaha ya pili ni kwenda miambani wakati wa maji kupwa. Kule, kama kwetu, maji hupwa mara mbili kwa siku. Lakini kupwa moja huzidi kwenzake, na watu huangalia saa zake katika kalenda kama waangaliavyo saa za ibada. Katika vidimbwi vilivyobaki kati ya mawe watoto huona viti vya pweza vya rangi ya zambarau na ya machungwa, na kaa wenye kubeba nyumba zao, na wanyama wafananao na maua, ambao hujikunja wakiguswa. Sheria ni moja: tazama, wala usichukue.

Sheria hiyo ina mama yake. Bibi Julia Platt alikuwa bingwa wa elimu ya wanyama, aliyepata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Freiburg, Ujerumani, mwaka 1898. Kazi ya kufundisha chuoni hakuipata, akahamia Pacific Grove. Mtu mmoja alipofunga lango la kuendea ufukoni, bibi huyu alilivunja, kwa kuwa njia ya baharini ni haki ya watu wote. Mwaka 1931, naye amepita miaka 70, alichaguliwa kuwa meya. Aliona viwanda vya samaki vikizidi katika mji wa jirani wa Monterey, akahangaika mpaka sehemu ya pwani ya mji wake ikatengwa kuwa hifadhi ya viumbe. Alifariki mwaka 1935, asione mavuno yake.

Hofu yake haikuwa bure. Miaka ya 1940 ilipoanza, viwanda vya Monterey vilikuwa vikipokea zaidi ya tani 200,000 za dagaa katika msimu mmoja. Wataalamu walionya, lakini faida ilikuwa tamu. Bahari nayo ikabadilika. Na baada ya vita dagaa wakaadimika, mashine zikanyamaza, watu wakakosa kazi. Kiwanda cha mwisho kilifungwa mwaka 1973.

Lakini fisi maji wa baharini walirudi. Hao waliwindwa kwa ajili ya manyoya yao hata watu wakadhani kwamba wamekwisha kabisa katika pwani ile. Mwaka 1911 mataifa yalipatana kuwalinda, na mwaka 1938 kundi la wapatao 50 lilionekana kusini ya Monterey. Leo katika California wapata 3,000. Wao hula wale wanyama wa baharini wenye miiba kama nungunungu, ambao huumaliza mwani. Basi walipowapunguza, mwani ulisitawi tena, ukawa msitu chini ya maji na makao ya samaki. Siku hizi mzee aketiye kando ya bahari aweza kumwona fisi maji akielea chali, jiwe kifuani, akigongea chaza mpaka gamba livunjike. Ni tamasha lisilo na kiingilio.

Mwezi wa Oktoba huja vipepeo wenye mabawa ya rangi ya machungwa na mistari myeusi. Hushikamana matawini kwa maelfu, hata utawadhania majani makavu. Jua likiwapasha joto, mti wote huruka. Wala hakuna hata mmoja wao aliyepata kufika pale kabla. Walioondoka mwanzo wa mwaka walikuwa mababu zao. Sheria ya mji yakataza kuwasumbua, na watoto wa shule huvaa mabawa ya vipepeo wakaandamana mjini kuwakaribisha. Katika majira ya baridi ya mwaka 2020 wahesabuji hawakumwona hata mmoja katika kijisitu chao. Mwaka uliofuata walikuja zaidi ya 10,000. Tangu hapo wenyeji hawawatazami tena kama kitu cha mazoea.

Wala tusifiche jambo la aibu. Pwani ile ile palikuwa na kijiji cha wavuvi Wachina, waliovua ngisi usiku kwa mwanga wa moto. Mwaka 1906 kijiji kiliteketea, na wenye ardhi wakawakataza kujenga tena. Raha ya pwani isiyo na mlango kwa jirani ina kasoro mbele za Mungu, hata kama mandhari yake yapendeza.

Walimu na wazazi, Zaburi ya 104 yatuonyesha bahari imejaa kazi ya Mungu, na kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kila kijiji chetu kina furaha zake zisizonunuliwa: chemchemi, mwembe wa kivuli, ufuko, ndege wa alfajiri. Jumapili moja baada ya ibada, tembeeni na watoto, wazitaje moja moja. Kisha waulizeni: ni nani aliyetutunzia hizi hata zikatufikia, na ni jirani gani aliyezuiwa asizifikie? Yapasa kuuliza chemchemi ingali na maji, kwa maana wenye dagaa waliuliza walipokwisha kuwakosa.