Kikulacho ki Janini

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Katika mtaa wa Sarang'ombe, Kibera, yuko ajuza mmoja aliyejifunza maana ya methali hiyo juu ya jani la spinachi. Magunia yake manne husimama baina ya ukuta wa mabati na mtaro, yamejaa udongo na samadi, na miche huchomoza kwenye matundu ya ubavuni. Kilimo cha aina hii kilishika kasi Kibera mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 kuwafundisha wakazi jinsi mboga zinavyoweza kuadimika.

Msimu mmoja wa kiangazi, majani yalianza kuandikwa. Mistari myeupe ilipindapinda kama mwandiko wa mtoto anayejifunza irabu, kisha ikaungana kuwa mabaka makavu. Majirani walioyazoea mafungu yake ya jioni wakawa wanayageuza majani na kwenda zao. Mafungu hayo ndiyo yaliyonunua unga.

Jirani mmoja akamletea dawa ndani ya chupa ya soda. Akanyunyiza, mistari ikazidi. Mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu, akaenda dukani dawa ilikotolewa, akasoma kibandiko cha mkebe wenyewe.

"Nyanya, imeandikwa tusichume kwa siku saba."

"Na siku hizo saba tutakula nini, mjukuu wangu?"

Hata hivyo hakuchuma, wala hakuuza. Wiki hiyo alikopa unga.

Dawa ilishindwa kwa sababu iliyo wazi. Inzi mdogo mwenye rangi nyeusi na manjano hutaga mayai ndani ya jani. Buu huanguliwa humo, akala nyama ya jani baina ya ngozi mbili, dawa nyingi za juujuu zisimfikie. Akishiba hutoka, huanguka udongoni, na huko hugeuka inzi. Tena dawa huweza kuwaua nyigu wadogo mno, wasiomuuma mtu, ambao watoto wao huishi kwa kuwala mabuu hao.

Siku hizi ajuza hukagua magunia kila alfajiri. Mstari ukiwa mmoja, hummbonyeza buu kwa kidole penye ncha iliyo pana. Jani lililoharibika hulichuma na kulifungia katika debe lenye kifuniko. Halitupi chini ya gunia, maana huko ni kumrudisha mwizi nyumbani.

Wataalamu wa kilimo nchini Tanzania humwita mdudu wa namna hii kidomozi. Naye nondo wa nyanya, Tuta absoluta, mgeni kutoka Amerika ya Kusini ambaye viwavi wake huchimba majani na matunda, wakulima wa huko wamempa jina la kantangaze. Mwanafunzi wa mofolojia atasikia humo amri nzima: nenda ukanitangaze. Ajuza wa Sarang'ombe hajui majina hayo. Yeye humwita "mwandishi".

Maandishi mengine, hata hivyo, ameyapa heshima. Jirani akimletea tena dawa katika chupa ya soda, humkaribisha kiti, kisha humwuliza swali moja tu: "Na maandishi yake umeyaacha wapi, mwanangu?"