Mtoto wa Mpira

Wengine wenu wametucheka kwa kuwa sisi walimu wa wauguzi hapa Kaniama tunacheza na mwanasesere. Ni kweli, yuko juu ya meza yetu: mtoto wa mpira, tumemjaza maji ili apate uzito wa mtoto mchanga. Wala mchezo huu si mpya. Huko Hartford, Marekani, mwaka 1911, wanafunzi wauguzi walipewa mwanasesere mkubwa kama mtu mzima, naye akaitwa Bibi Chase.

Wanafunzi wetu ni hodari wa kukariri. Masomo ni kwa Kifaransa, na mtihani unataka maneno yaleyale ya daftari. Waulize juu ya mtoto aliyezaliwa bila kupumua, watakujibu kama wasomao litania: kumpangusa, kumpa joto, kumsugua mgongo, kisha kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijapita.

Juma moja tulimwita aliye bora kati yao, tukamwambia: "Mtoto huyu hapumui." Akafanya yote kwa utaratibu. Akafinya mfuko, lakini kichwa cha mtoto kilikuwa kimeinama mbele, na kifua hakikuinuka. Akafinya tena kwa nguvu zaidi, akihesabu kwa sauti, macho ukutani.

"Mwanangu, umekitazama kifua?"

Akanyamaza. Ndipo akatazama. Akakiweka kichwa sawa, akaibana barakoa vizuri, akachungulia kinywani kama kuna ute. Akafinya, kifua kikapanda.

Hatukumpa alama. Tuliketi wote tukamwuliza: uliona nini, ukadhani nini, mbona ulizidisha nguvu kwanza? Mazungumzo yalipita zoezi lenyewe kwa urefu, na kwetu ndiyo somo hasa. Wenzake walitaka kumcheka. Tukawakataza, maana zamu yao yaja.

Kwa nini twasumbuka hivi? Sisi wenyewe, tulipokuwa wageni kazini, tulifinya mfuko usiku mmoja kwa mwanga wa taa ya mafuta, tukifuata daftari neno kwa neno, na kifua hakikupanda. Hatukujiuliza sababu. Mama yule alikuja kwa miguu kutoka mbali. Mtoto alizikwa asubuhi.

Jioni ya zoezi lile, kijana wetu aliomba ufunguo wa chumba ajaribu tena peke yake. Tulimpa, ila tulimtuma na mwenzake, awepo wa kumwuliza.