Kijana wa Uru, Q ya Uru na Kiingilio cha Elfu Thelathini

Kupoteza elfu thelathini siyo ishu sana. Ishu ni kuipoteza mara tatu usiku mmoja, kwenye meza ileile, huku unajiambia "hii ndo ya mwisho".

Jamaa wa stori hii ni mtoto wa Uru, kule juu ya Moshi ambako migomba na kahawa vinabanana mpaka mlangoni. Kazi yake ni mgumu, yaani anabeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro. Wagumu wakishafunga hema kambini, usiku ni mrefu na baridi haina huruma, karata ndo burudani. Wengi wanacheza last card. Yeye alifundishwa poka na mpishi wa safari zao, wanacheza kwa karanga. Kwenye karanga jamaa alikuwa hashikiki.

Halafu akaangukia video za Chris Moneymaker. Huyu ni mhasibu wa Marekani ambaye mwaka 2003 aliingia mashindano madogo ya mtandaoni kwa dola 86, akashinda nafasi ya kucheza World Series of Poker kule Las Vegas, watu 839 wakaingia, yeye akabeba dola milioni 2.5. Ukishaangalia hiyo, si unajua kichwa kinavyoanza kupiga hesabu? Wale 838 wengine hakuna anayewatafuta YouTube.

Basi mpishi akamwambia, "Mdogo wangu, kuna kasino Arusha wanachezesha mashindano madogo, kiingilio 30,000 tu. Twende."

Wakaenda. Ukiacha nauli, jamaa alikuwa na 75,000 mfukoni. 30,000 ilikuwa tipu yake ya mlimani. 45,000 iliyobaki ilikuwa ya mama. Chole buni ilishaanza kuonekana kwenye kahawa ya kihambani, na mama alimtuma akirudi apitie Moshi mjini anunue dawa ya kupulizia.

Mlangoni wakaangalia kitambulisho, maana kisheria chini ya miaka 18 huruhusiwi. Ndani kulikuwa na wachezaji 16. Kila mmoja akapewa chipsi za 10,000, siyo za kula hizi, na wala siyo hela. Huwezi kuzibadilisha ukaondoka. Zikiisha umetoka, basi. Na kila baada ya dakika 15 kile kiwango cha lazima cha kuweka mezani kinapanda, kwa hiyo hata ukikaa kimya kama mgonjwa, chipsi zako zinaliwa tu.

Kilichomtisha jamaa siyo wachezaji, ni taratibu. Mara ya kwanza alitupa karata kabla zamu yake haijafika, mgawaji akamuonya. Mara ya pili aliweka chipsi moja ya 1,000 bila kusema neno, akijua ameongeza dau. Mgawaji akamrudishia chenji: chipsi moja kubwa ukiiweka kimya inahesabika umefuata tu. Ukitaka kuongeza, tamka kwanza. Meza nzima ikacheka. Kule kwenye karanga hakuna anayekwambia haya.

Ilipokaribia saa nzima, akafunua pembe za karata zake taratibu. Q ya kopa na Q ya uru. Kijana wa Uru kapewa Q ya uru! Nani angezitupa?

Akatamka kwa sauti kwamba anaweka zote. Mzee mmoja mwenye kofia akafikiri, akafuata, akafunua A na K. Hapo jamaa alikuwa mbele. Kihesabu, mkono kama huo unashinda kama mara 57 katika 100. Zikashuka karata tatu, salama. Ya nne, salama. Ya tano ikawa A ya shupaza.

Kwisha. Mzee akanyoosha mkono: "Umecheza vizuri kijana."

Na hapo ndo pagumu kuliko karata yoyote. Ilikuwa bado saa mbili usiku, na mpaka saa tatu ulikuwa unaruhusiwa kulipa tena 30,000 ukarudi mezani. Mpishi, ambaye yeye alishalipa mara ya pili, akamwita: "Dogo, kiti bado cha moto, lipia!" Jamaa akaitoa ile 45,000. Akaihesabu.

Ukipoteza kwa ujinga, unaondoka na aibu yako. Lakini ukipoteza ukiwa umefanya kila kitu sawa, unaona kama dunia ina deni lako, na unataka ulipwe usiku huohuo. Wanaochaniwa mkeka kwa goli la dakika ya 90 wanaijua hii hali.

Akairudisha mfukoni. Akamwambia mpishi, "Kaka, mzigo nilishaupima getini." Mlimani mzigo wa mgumu unapimwa kabla ya kupanda, kilo 20 mwisho, hakuna kuongezewa njiani.

Akakaa nyuma kuangalia. Mpishi akalipa mara ya tatu, akapambana mpaka saa sita usiku, akashika nafasi ya tatu. Shangwe kama zote! Zawadi ya nafasi ya tatu ilikuwa 90,000. Alichotoa mfukoni, 30,000 mara tatu, ni 90,000. Alirudi na hela yake mwenyewe.

Kesho yake jamaa alipitia Moshi, akanunua dawa, akapanda Uru. Jioni alikuwa na bomba mgongoni anapulizia kahawa. Poka hajaacha. Amesema akishuka safari ijayo atarudi Arusha, ila na 30,000 tu, nyingine inabaki kwa mama.

Haya wadau, ungekuwa wewe, una Q mbili zimechinjwa na karata ya mwisho na 45,000 ipo mkononi, ungelipia tena? Semeni ukweli hapo chini.